Kufukua Ndiva Kabla ya Vuli: Kutoka Mbezi hadi Milima ya Upare

Nilikwenda ukweni kusaidia kufukua ndiva, yaani bwawa dogo la kulimbikizia maji ya kumwagilia mashamba. Haya nimeyaunga baada ya kurudi Dar, kutokana na maandishi ya kwenye simu, picha, na maswali niliyompigia shemeji yangu kila nilipokwama. Kijiji sikitaji. Mambo ya maji yana wenyewe, na kuna mashauri ambayo hayajaisha. Inatosha kujua kwamba ni juu ya Mwembe, wilaya ya Same, upande wa magharibi wa Milima ya Upare Kusini. Ni nyumbani kwa mke wangu. Mimi ni Mzigua wa Handeni, kwetu tumekulia kwenye malambo, kwa hiyo habari ya maji ya kulimbikiza si ngeni kwangu. Ndivyo nilivyodhani.

Alhamisi: Mbezi hadi Same

Basi la saa 12 asubuhi, stendi ya Magufuli, nauli 33,000. Hadi Chalinze hakuna cha kusimulia. Segera tulipewa dakika kumi na tano za kula, ambazo kwa saa ya dereva ni kumi. Chipsi mayai niliila nikiwa nimesimama mlangoni.

Safari huanza kupendeza baada ya Mombo. Usambara inakuandama mkono wa kulia, mkonge umepangwa mistari hadi miguuni mwa mlima, halafu Usambara inakwisha na Upare inaanza. Pale Mkomazi, Hedaru na Makanya ardhi ya chini ni migunga na vumbi, lakini ukiinua macho unaona mawingu yamekalia vilele. Mvua huku huletwa na upepo wa Bahari ya Hindi, na mlima huikamata upande wa mashariki, kule Gonja na Mamba. Upande huu wa barabara kuu hupata makombo. Mji wa Same mara nyingi hauoni milimita 600 za mvua kwa mwaka mzima, na hizo zenyewe zimegawanywa kati ya vuli na masika ambazo hazina miadi. Mtu anayepita na basi anaweza kujiuliza watu wa hapa wanalima nini. Jibu liko juu, halionekani barabarani.

Tairi lilipasuka kabla ya Hedaru. Tulikaa saa moja na nusu. Mwenye duka la kando ya barabara alitoa mabenchi yake yote nje, akaweka ndoo ya maji na kikombe, na kila aliyetaka kulipa alimjibu, "Maji hayauzwi, soda ndiyo inauzwa." Wapare wanataniwa kwa ubahiri, hasa na watani wao Wachaga. Mimi nilikunywa vikombe vitatu bure, na soda nikanunua.

Same niliingia saa 11 jioni. Chumba 20,000, choo ndani, upepo usiku kucha unagonga mabati.

*Kwa atakayekuja:* chukua fedha taslimu Same, juu utategemea wakala wa simu ambaye siku nyingine hana salio. Ukiwa na nusu siku ya ziada, lango la Zange la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi liko karibu sana na mji.

Ijumaa: Same hadi kijijini

Gari za milimani haziendi kwa saa, zinakwenda kwa kujaa. Nilifika kituoni saa 3 asubuhi nikawa abiria wa pili. Tuliondoka saa 7 mchana, Noah moja, watu kumi na mmoja, jogoo wawili, mfuko wa saruji uliowekwa miguuni mwangu na bati nne juu ya paa. Nauli 6,000. Magari haya hushuka alfajiri na kupanda mchana, kwa hiyo usijisumbue kuwahi kama nilivyowahi.

Barabara ya lami unaiaga mapema. Kuanzia hapo ni changarawe na makorongo. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu aliuliza naenda kwa nani. Nilipotaja, alijua mke wangu alisoma darasa gani na nani. Akaongeza, "Umekuja kwa ajili ya Jumatatu?" Nikasema ndiyo. "Basi jembe lako litaandikwa kwa baba mkwe wako. Ukifika tu, ulizia ngwe yenu ni ipi, usingoje kuambiwa." Ushauri huo ulikuwa wa bure na ulinifaa kuliko wote.

Nyumbani nilipokewa kwa makande. Mkwe hachagui, na makande ya Kipare yaliyochemka tangu asubuhi, mahindi yaliyokobolewa na maharage yakaiva hadi yakaanza kufunguka, hayahitaji kuchaguliwa.

Jumamosi: Sabato

Nilikuwa nimejiuliza kwa nini kazi imepangwa Jumatatu wakati watu wengi wa mjini wangeweza kuja mwisho wa juma. Shemeji alicheka. Wasabato walifika Upare Kusini mwaka 1903, wakaanzia Giti, na leo nusu ya majirani zake hawashiki jembe Jumamosi. Jumapili ni ya Walutheri. Ijumaa Waislamu wanaswali. Kwa hiyo msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, una siku nne tu za kuchagua, na moja ya hizo ni ya gulio. Kijiji kilikuwa kimya, nyimbo tu zikitoka kanisani. Nililala mchana.

Jumapili: kwenye chanzo

Baada ya ibada nilikwenda na shemeji na mzee mmoja ambaye wote wanamwita Babu, mgawa maji wa zamani. Tulipanda mfereji kinyumenyume, kutoka ndiva kwenda kwenye mto. Mfereji wenyewe ni wa udongo, upana wa hatua moja, umefuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo kiasi kwamba unatembea kandokando yake na huoni kama unapanda. Waliouchimba hawakuwa na kipimo chochote cha kioo. Babu alisema waliachia maji kidogo mbele ya jembe, wakafuata yalipokubali kwenda.

Kwenye banio, yaani pale mfereji unapochepukia kutoka mtoni, nilifanya hesabu. Ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde mbili. Hiyo ni lita 10 kwa sekunde. Maji hayo ukiyaachia moja kwa moja yaende mashambani mchana, mfereji wa udongo utayanywa njiani, na shamba la mwisho litapata unyevu wa kulowesha kandambili. Lakini usiku wa saa 12 ni lita 432,000. Zikiwekwa mahali pamoja kisha zikaachiliwa asubuhi kwa saa nne, ni lita 30 kila sekunde, na hizo zinafika hadi shamba la mwisho zikiwa bado na nguvu ya kuingia kwenye matuta.

Hapo ndipo nilipoona ndiva si lambo. Lambo la kwetu Handeni unalijaza mvua za masika na kulitazama likikauka hadi Novemba. Ndiva hujazwa na kumwagwa kila siku. Haitunzi maji ya mwaka, inatunza maji ya usiku mmoja, maana usiku watu wamelala na mto haulali.

Juu kidogo ya banio kuna mikuyu mikubwa na chini yake udongo mweusi unaotoka jasho. Zamani, alisema Babu, hapakuingiwa na panga. Upare una misitu midogo ya mila, mpungi ya koo na mishitu ya jando, na mingi imekaa penye maji. Sasa sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo. Babu anaijua sheria hiyo kwa kifungu. Alipima kwa miguu mbele yetu kutoka kwenye mkuyu hadi kwenye mikaratusi ya mtu fulani, akahesabu kwa sauti, akafika thelathini na nane. Mikaratusi hunywa maji mengi na hukua upesi, ndiyo sababu inapendwa na ndiyo sababu inagombaniwa. Shauri liko kwa kamati ya mazingira ya kijiji. Nimeambiwa nisiandike zaidi.

Jambo la pili linalowaumiza ni mipira. Watu wa kitongoji cha juu wamelaza mipira ya plastiki mtoni, inayomwagilia nyanya na kabichi mchana na usiku. Hakuna aliyeniambia ni wezi. Walisema, "Nao wana watoto shuleni." Lakini usiku wa kiangazi mipira sita ikiwa wazi, ndiva hailali na maji.

Jumatatu: msaragambo

Filimbi saa 12 na nusu asubuhi. Zamani ilikuwa baragumu. Ujumbe ulikuwa umekwisha kupita kwenye kundi la WhatsApp tangu juzi, lakini mtu wa filimbi alipita tu, nyumba kwa nyumba, kwa sababu simu unaweza kusema hukuiona.

Ndiva niliyoikuta ilikuwa kama mita 25 kwa 15, imechimbwa kwenye ubavu wa mlima, ukuta wa upande wa bondeni ni wa mawe na saruji. Ukuta huo ulijengwa wakati wa ule mradi wa umwagiliaji wa asili ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Waholanzi, katika wilaya za Lushoto, Mwanga na Same. Kabla yake ulikuwa udongo na mawe matupu, na tundu la kutolea maji lilizibwa kwa gogo, majani ya mgomba na udongo wa kufinyanga. Sasa lina bomba na geti la chuma. Ndani, tope lilikuwa limefika kiunoni. Mvua za masika zilishusha udongo mwingi kutoka mashamba ya juu, na misimu miwili hapakufanyika kazi ya maana kwa sababu ya ugomvi wa uongozi.

Katibu alikaa juu ya jiwe na daftari. Kabla ya jembe la kwanza kuingia, majina yalisomwa yote. Mwenye shamba linalonywa maji ya ndiva lazima awe na mtu wake hapo. Asiyekuja, faini 10,000 siku hiyo, na asiyelipa anarukwa zamu yake ya maji. Wajane na wazee waliandikiwa kazi ya jikoni au ya kuhesabu karai. Walioko mijini walituma fedha, katibu akasoma kwa sauti nani ametuma na kiasi gani, na hapo nikaelewa kwa nini mke wangu alituma yake tangu Ijumaa.

Nimeona miradi mingi ya maji iliyojengwa vizuri na kufa, kwetu na kwingine. Saruji ukiwa na fedha unaipata. Daftari lile, linalosomwa mbele ya watu wote na linaloweza kumfungia maji hata ndugu wa mwenyekiti, halinunuliwi. Siku hiyo ndugu wa mwenyekiti hakuwepo. Iliandikwa 10,000.

Tope liligawanywa kwa ngwe. Wenye nguvu walikata kwa chepe na sururu, wengine wakajaza karai, kisha mstari wa watu ukazipokezana hadi juu ya ukingo. Sikuwa na buti. Kijana nisiyemjua alivua zake na kunipa, akaingia miguu mitupu, akisema yeye amezoea na mimi nitakatwa na chupa. Kulikuwa na chupa kweli. Tulitoa pia kandambili zisizo na wenzake, sufuria iliyotoboka, na simu ndogo ya tochi ambayo mwenyewe alipatikana kwenye mstari uleule, akaipokea kama amefiwa na kufufuliwa siku moja.

Kilichonishangaza ni kwamba tope halikutupwa. Lilirundikwa kando, na saa 5 tayari watu walikuwa wanapatana: huyu magunia kumi ya migombani, yule ishirini ya bustani. Ni udongo wa juu wa mashamba ya watu wengine, una rutuba yote iliyooshwa huko. Mzee mmoja aliupakia kwenye kiroba akisema anarudisha shamba lake nyumbani. Shamba lake kweli liko juu ya mfereji na halina fanya juu hata moja, yaani matuta ya kuzuia udongo usishuke, na hilo aliambiwa pale pale, bila kupakwa mafuta.

Makande yalikuja saa 7 kwa masufuria mawili makubwa, na chai ya tangawizi. Tangawizi ya Same inakuwasha koo hadi masikioni, usiombe kikombe cha pili kama hujamaliza cha kwanza.

Kisha likaja suala la ufa. Ukuta ulikuwa umepasuka upande wa kushoto, urefu wa mkono, na huko ndiko maji yalikokuwa yakipotea. Vijana walitaka saruji. Mifuko mitatu ilikuwepo, mmojawapo ndio ule uliosafiri miguuni mwangu. Bei 22,000 kwa mfuko ukifika huku. Wazee walitaka udongo wa kichuguu. Hoja yao haikuwa ya kizee: saruji ikishapasuka haijirudi, udongo ukikauka na kupasuka, maji yakirudi unavimba na kujiziba wenyewe. Vijana wakajibu kwamba udongo utaliwa na maji ya kwanza ya vuli. Waliongea karibu saa nzima, huku wengine tukikaa kivulini. Mwisho Babu, ambaye alikuwa hajasema kitu, alishuka ndani na kuingiza mkono kwenye ufa hadi kiwikoni. Akasema nyuma ya mawe kumeshakuwa shimo, kwa hiyo hata mkiziba kwa dhahabu, ukuta utaanguka. Wakakubaliana: kufumua mawe ya sehemu ile, kushindilia udongo wa kichuguu nyuma, kisha kurudisha mawe kwa saruji mbele. Kazi ilikwisha saa 12 jioni, na katibu alisoma majina tena. Waliokuwa wameondoka baada ya makande walijulikana.

*Kwa atakayekuja:* ukialikwa kwenye msaragambo usiende kupiga picha kwanza. Fanya kazi, kisha omba ruhusa. Nilipewa ruhusa kwa masharti ya kutoonyesha nyuso, na kwenye sehemu ya mikuyu hapana kabisa.

Jumanne: kufungulia

Saruji iliachwa bila maji usiku ule, kwa hiyo nilidhani sitaona chochote kabla ya kuondoka. Lakini ukuta wa chini ulikuwa mzima, na kamati iliamua kuingiza maji kidogo tangu alfajiri, yasifike kwenye kiraka, kujaribu geti na mfereji wa kwenda mashambani. Saa 5 mgawa maji alizungusha geti. Maji ya kwanza yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Tuliyafuata tukikimbia kandokando ya mfereji, watoto mbele, kila mmoja na jembe lake la kuziba mahali panapovuja. Yalipita shamba la kwanza, la pili, yakafika kwenye fiwi za mama mmoja wa mwisho kabisa wa mfereji, ambaye hakuwa ameona maji ya ndiva tangu mwaka juzi. Alisimama na jembe begani, akatazama, kisha akamgeukia mgawa maji: "Na Alhamisi ni zamu yangu au mtasema nimeshapata leo?" Akajibiwa leo ilikuwa majaribio, haihesabiwi. Akataka iandikwe. Ikaandikwa.

Jioni kamati ilikaa kuhusu kibali. Maji ya mto huu huishia Bonde la Pangani, na matumizi yake yanasimamiwa na bodi ya bonde. Kikundi kinachotumia maji tangu enzi za mababu bado kinatakiwa kujisajili na kuwa na kibali, na bila kibali ni vigumu kumshitaki mwenye mpira. Wazee wanaona ajabu kuomba ruhusa ya mfereji uliochimbwa na babu zao. Vijana wanaona heri karatasi. Nami niko na vijana katika hilo.

Jumatano: kushuka, na kituo cha Makanya

Noah ya saa 11 alfajiri, nauli ileile 6,000, safari hii bila jogoo.

Badala ya kupanda basi Same nilichukua Coaster hadi Makanya, 2,000, nione maji ya milima hii yanaishia wapi. Makanya mto ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Wakulima wa hapa husubiri mafuriko: mvua ikinyesha milimani, maji yanashuka kwa ghafla, wao wanayaelekeza mashambani kwa mifereji, wanapanda baada ya hapo. Baba mmoja aliyekuwa anatengeneza ukingo wa mfereji wake alinikaribisha kivulini akanipa tikiti. Nilimweleza nilikotoka. Akauliza ndiva imefukuliwa kiasi gani, nami nikamwonyesha picha. Aliitazama kwa muda. "Mvua ndogo basi hatutaziona," akasema. "Kubwa zitafika tu, hakuna ndiva ya kuzizuia." Hakulalamika. Alikuwa anapiga hesabu.

Basi la Dar lilipita saa 8 mchana, nililipa 30,000 kwa kiti cha nyuma kabisa, nikafika Mbezi saa 4 usiku kasoro.

*Gharama na mengineyo:* nauli zote kwenda na kurudi 77,000. Malazi usiku mmoja Same 20,000. Chakula cha njiani kama 15,000. Kijijini hulipi malazi ukiwa mgeni wa mtu, lakini sukari, mafuta ya kupikia na majani ya chai usiende bila. Wakati mzuri ni Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba, maji yakiwa machache na watu wakiwa hawajaingia kupanda. Vuli ikianza, barabara ya juu hukwama magari. Msaragambo unaofuata ni wa mfereji, kuanzia kwenye banio hadi ndiva. Buti za mpira nunua Same au Dar, kule juu nilizikuta za watoto tu.